Cheche Imekatikia Wapi? Somo Kuhusu Distributa ya Kielektroniki Katika Pikapu za Zamani



Huduma nyingi zinazoelezwa katika jarida hili, kama vile maji, afya, elimu na barabara, zina ofisi zake na watumishi wake. Ipo huduma nyingine isiyo na ofisi, lakini ikisimama kwa siku mbili tu sote tunaiona sokoni: ni huduma ya pikapu za zamani. Ndizo zinazotuletea mahindi na maharage kutoka Laela na Matai, mpunga kutoka Bonde la Ziwa Rukwa, na migebuka kutoka Kasanga. Ndizo zinazobeba saruji na bati, na usiku wa dharura humbeba mgonjwa. Baadhi ya magari hayo yana umri mkubwa kuliko vijana wanaoyaendesha.

Baba yangu mdogo alikuwa na pikapu ya namna hiyo, Toyota Hilux ya petroli. Msimu mmoja wa mvua ilimzimikia akipandisha safu ya milima ya Lyamba lya Mfipa akiwa na magunia ya mpunga ya watu watatu. Aliagiza koili mpya, gari halikuwaka. Akaagiza plagi nne, halikuwaka. Akashauriwa anunue ignaita, na hapo fedha zikamwishia. Jioni ya siku ya pili alifika fundi mmoja mzee aliyepewa lifti na lori. Hakuuliza kimenunuliwa nini. Alisema tu, "Mzee mwenzangu, tusubiri giza liingie."

Giza lilipoingia alifungua boneti na kumwomba baba mdogo apige stata. Wote wakaona mstari wa cheche za samawati ukitambaa juu ya kifuniko cha distributa na kuingia kwenye chuma cha injini. Kifuniko kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na unyevunyevu wa mvua ulikuwa umeugeuza ufa huo kuwa njia ya umeme. Koili ya zamani ilikuwa nzima. Plagi zilikuwa nzima. Ila mnunuzi wa mpunga alikuwa amekwisha kuondoka mjini.

Somo la toleo hili linatokana na usiku ule. Nia yake si kumfanya kila msomaji awe fundi, bali ni kumwezesha mwenye gari, dereva na fundi kijana kuuliza swali moja kabla ya kufungua pochi: cheche imekatikia wapi? Somo linahusu magari ya petroli yenye distributa. Injini ya dizeli huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyobanwa, haina plagi za cheche wala distributa ya aina hii.

KAZI YA CHECHE

Ndani ya silinda, pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Mchanganyiko huo hauwaki wenyewe; huhitaji cheche inayoruka kati ya ncha mbili za plagi. Kuruka pengo hilo ndani ya hewa iliyobanwa si kazi ndogo. Betri ya gari hutoa volti 12 tu, ilhali cheche huhitaji maelfu ya volti, na mfumo ulio mzima unaweza kutoa volti 20,000 au zaidi.

Kifaa kinachokuza umeme huo ni koili. Ndani yake mna waya za namna mbili zilizozungushwa juu ya kiini kimoja cha chuma: waya mnene wenye mizunguko michache, na waya mwembamba wenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri ukipita katika waya mnene, chuma hicho huwa sumaku. Umeme huo ukikatwa ghafla, nguvu ya sumaku huporomoka, na kuporomoka kwake huzalisha umeme mkali katika waya mwembamba. Kanuni hiyo iligunduliwa na mwanasayansi Michael Faraday huko London mwaka 1831.

Msomaji azingatie neno "ukikatwa". Cheche haizaliwi umeme unapoingia katika koili, bali umeme unapokatwa. Kwa hiyo kila mfumo wa kuwasha petroli kwa betri na koili unahitaji kitu cha kuukata umeme huo kwa wakati wake, mara nyingi sana. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani cheche 100 kila sekunde.

KUTOKA POINTI HADI ELEKTRONIKI

Mfumo wa betri, koili na pointi uliletwa na Mmarekani Charles Kettering na kutumika katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Mafundi wetu wazee wanaufahamu vyema. Pointi ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, vikisukumwa na nundu zilizo katika mhimili wa distributa. Vinapoachana umeme wa koili hukatika na cheche huruka. Pembeni yake huwekwa kondensa ili pointi zisiungue upesi.

Udhaifu wa pointi ni kwamba hugusana. Kinachogusana huchakaa. Nyuso zake huungua, nafasi kati yake hubadilika, na wakati wa cheche nao hubadilika pamoja nayo. Ndiyo maana dereva wa zamani hakukosa msasa na bapa za kupimia nafasi, ambazo mafundi huziita fila.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ilifungua njia nyingine. Transista hukata na kuunganisha umeme bila chuma kugusa chuma. Kampuni ya Chrysler iliweka mfumo wa kielektroniki katika magari yake ya Marekani ya mwaka 1973, na watengenezaji wengine, wakiwamo wa Japani, wakafuata. Toyota Hilux za miaka ya 1980 zenye injini ya 22R, yenye silinda 4 na ujazo wa takriban lita 2.4, ni mfano mzuri: zina kabureta kama gari la zamani, lakini distributa yake haina pointi.

VITUO SITA VYA SAFARI YA UMEME

Njia rahisi ya kuuelewa mfumo huu ni kuufuata umeme kama abiria anayepita vituo sita.

Kituo cha kwanza ni betri na switchi. Ufunguo unapowashwa, umeme hutoka katika betri, hupita kwenye fyuzi na switchi, na kufika kwenye koili.

Kituo cha pili ni koili. Umeme hupita katika waya mnene na kuifanya koili kuwa sumaku, ukielekea kwenye ignaita.

Kituo cha tatu kimo ndani ya distributa. Mhimili wa distributa huzungushwa na injini, na hukamilisha mzunguko mmoja kila krenki inapozunguka mara mbili. Juu ya mhimili huo pamefungwa nyota ndogo ya chuma yenye meno sawa na idadi ya silinda. Injini ya silinda 4 ina nyota ya meno 4. Kando ya nyota imekaa koili ndogo yenye sumaku, tutakayoiita koili ya ishara. Kila jino linapopita mbele yake, nguvu ya sumaku hubadilika na umeme mdogo sana huzaliwa. Umeme huo hauwashi chochote. Ni ishara tu, mithili ya mtu anayepiga makofi kuwaambia wachezaji wageuke.

Nafasi kati ya jino na koili ya ishara ni ndogo mno. Katika Toyota nyingi za wakati huo ni kati ya milimita 0.2 na 0.4. Nafasi ikizidi, ishara hudhoofika, hasa injini inapozungushwa polepole na stata asubuhi ya baridi ya mwezi Juni. Bushi za mhimili zikichakaa na mhimili ukayumba, nafasi hubadilika kila mzunguko na injini hukosa utulivu.

Kituo cha nne ni ignaita. Hiki ni kiboksi chenye transista. Kinapopata ishara ya jino, hukata umeme wa koili papo hapo. Katika magari mengine kimefungwa kwenye koili, katika mengine kwenye ubavu wa distributa. Ignaita inahitaji mambo mawili ili iishi: kugusana vizuri na chuma cha gari ili ipate njia ya umeme ya bodi, na kupoa. Zile zinazokaa kwenye distributa aghalabu hupakwa mafuta maalumu mazito ya kupitisha joto chini yake. Fundi asiyejua huyafuta akidhani ni uchafu, na baada ya muda ignaita huungua.

Kituo cha tano ni kifuniko cha distributa na rota. Umeme mkali hutoka koili kwa waya mkuu na kuingia katikati ya kifuniko. Hapo hugusa kijiti cha kaboni kinachoupokeza kwenye rota. Rota huzunguka pamoja na mhimili, na ncha yake hupita karibu na kila nguzo ya kifuniko bila kuigusa. Umeme huruka nafasi hiyo ndogo na kuingia katika nguzo ya silinda ambayo zamu yake imefika. Ni kazi hii ya kugawa umeme kwa zamu iliyokipa kifaa jina lake. Katika injini nyingi za silinda 4, ikiwamo 22R, mpangilio wa zamu ni 1, 3, 4, 2. Ukichomoa waya zote kwa pamoja bila kuzitia alama, unaweza kuurudisha mfumo mzima ukiwa na waya nzima na plagi nzima, na gari lisiwake.

Kituo cha sita ni waya na plagi. Waya hizi zina ganda nene kwa sababu umeme uliomo hutafuta njia fupi ya kuingia kwenye chuma. Ganda likipasuka, au waya ukalazwa juu ya ekzosi na kuungua, umeme hutokea hapo na plagi hubaki bila kitu.

TAIMINGI, UWANDA NA BONDE

Cheche inapaswa kuruka kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto huhitaji muda wa kuenea. Tuchukulie kwa mfano kuwa moto unahitaji sehemu mbili za elfu za sekunde. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, katika muda huo krenki hugeuka nyuzi 12. Ikizunguka mara 3,000, hugeuka nyuzi 36. Kwa hiyo kadiri injini inavyokimbia, cheche lazima iwahi zaidi.

Distributa hulifanya jambo hili yenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni vyuma viwili vya uzito vinavyoshikwa na springi chini ya bamba lake. Mwendo unapoongezeka, vyuma hivyo hutanuka na kuisogeza nyota mbele kidogo. Ya pili ni kikopo cha mviringo kilichofungwa ubavuni, chenye kiwambo cha mpira ndani na mpira mwembamba unaounganishwa na kabureta. Injini isipokuwa na mzigo mkubwa, mvuto wa hewa huvuta kiwambo hicho na kuiwahisha cheche, na petroli hutumika kwa uangalifu zaidi. Jaribio lake ni jepesi: vuta hewa kwa mdomo kupitia mpira huo, bamba lililo ndani ya distributa linapaswa kusogea na kubaki hapo kwa muda. Ikiwa hewa inapita tu, kiwambo kimepasuka na gari linakula petroli bila faida.

Kwa sisi wakazi wa uwanda wa Ufipa, lipo jambo la ziada. Mji wa Sumbawanga uko takriban meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani. Hewa nyepesi huwaka polepole kidogo, kwa hiyo injini huku juu huvumilia cheche inayowahi. Baadhi ya madereva huilegeza distributa na kuiwahisha ili gari lipate nguvu ya kupanda. Gari hilohilo likiteremka hadi Bonde la Ziwa Rukwa, karibu meta 800 tu juu ya usawa wa bahari, hukutana na hewa nzito na joto kali. Hapo injini huanza kugonga, kwa mlio kama wa misumari inayotikiswa ndani ya debe, hasa likipanda likiwa na mzigo. Mlio huo si wa kupuuzwa, kwani ni pistoni inayopigwa na moto uliowahi mno. Taimingi na ipangwe kwa taa maalumu, kwa kipimo kilichoandikwa katika kibandiko cha chini ya boneti au kitabu cha gari, wala si kwa sikio peke yake.

MAZOEA YANAYOUA IGNAITA

Pointi zilistahimili makosa mengi. Elektroniki haistahimili. Mazoea manne yafuatayo yameenea, na kila moja linaweza kuua ignaita kwa mara moja.

Kwanza, kuazima betri ya kuwashia, kisha kuichomoa injini ikiwa inaunguruma ili mwenye nayo aondoke nayo. Betri hutuliza umeme wa alteneta. Ikiondolewa ghafla, volti hupanda kwa kishindo na kuunguza ignaita, na alteneta yenyewe yaweza kuharibika.

Pili, kuchomelea keria, bampa au bodi huku betri na ignaita vikiwa vimeunganishwa. Umeme wa mashine ya kuchomelea hutafuta njia ya kurudi, na njia hiyo yaweza kupitia ndani ya kiboksi hicho. Mwambie mchomeleaji afungue vichwa vyote viwili vya betri na kuchomoa soketi ya ignaita kabla hajaanza.

Tatu, kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inazunguka ili "kuona moto". Umeme ukikosa njia yake hutafuta nyingine. Waweza kupita ndani ya rota, ndani ya koili, ndani ya ignaita, au mkononi mwako.

Nne, kufunga koili yoyote inayopatikana. Koili ya mfumo wa pointi na ile ya mfumo wa kielektroniki zaweza kufanana kwa sura, lakini ukinzani wa waya zake hutofautiana. Koili isiyo ya gari hilo hupitisha umeme mwingi kupita kiasi au kidogo kupita kiasi. Linganisha namba zilizoandikwa juu yake.

KUITAFUTA KASORO BILA KUBAHATISHA

Ikiwa stata inazungusha injini vizuri lakini gari haliwaki, fuata utaratibu huu. Hakikisha kwanza hakuna petroli iliyomwagika.

Chomoa waya mmoja wa plagi huku injini imezimwa. Uchomeke kwenye plagi nyingine unayojua ni nzima, kisha ifunge plagi hiyo kwa uthabiti kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono. Mwenzako apige stata. Ukiona cheche ya samawati yenye mlio, mfumo wa umeme unafika. Angalia petroli na taimingi. Ukiona cheche dhaifu ya rangi ya chungwa, au usipoona kitu, endelea.

Rudia jaribio hilo kwa waya mkuu unaotoka koili. Cheche ikionekana hapo lakini haikuonekana kwenye plagi, tatizo liko kituo cha tano au cha sita. Fungua kifuniko ukiangalie ndani kwa tochi. Mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kati ya nguzo mbili ni njia ambayo umeme umejichongea. Kifuniko hicho hakifai tena, hata ukikifuta. Angalia kama kijiti cha kaboni kipo na kinarudi kikibonyezwa. Angalia kama rota ina ufa au tundu lililoungua. Pima waya kwa multimita. Kwa Toyota nyingi za wakati huo ukinzani wa waya mmoja haupaswi kuzidi omu 25,000.

Ikiwa hata waya mkuu hauna cheche, rudi nyuma. Washa ufunguo na upime kwa taa ya kupimia kama umeme unafika kwenye koili. Usipofika, tatizo liko kituo cha kwanza: fyuzi, switchi au waya uliokatika. Ukifika, angalia kama ignaita imegusana na bodi. Fungua skrubu zake, safisha kutu, kaza tena. Kisha pima nafasi ya nyota kwa fila isiyo ya chuma cha sumaku, na pima koili ya ishara kwa multimita. Vyote hivyo vikiwa sawa, na koili nayo ikapimwa ikaonekana nzima, ndipo ignaita hushukiwa. Kwa kuwa ni ghali na haitengenezeki kwa urahisi, iwe ya mwisho kushukiwa na si ya kwanza kununuliwa.

Gari linalozimika likipata joto na kuwaka tena baada ya kupoa lina dalili ya ignaita au koili inayokufa polepole. Hata hivyo petroli inayochemka katika mpira wake hutoa dalili hiyohiyo. Tofauti hupatikana kwa kupima cheche palepale linapozimika, kabla halijapoa.

Na wakati wa mvua au umande, jaribio la kwanza ni kitambaa kikavu. Futa kifuniko ndani na nje, futa waya, futa shingo ya koili. Kisha usubiri giza, kama alivyofanya yule mzee.

USALAMA

Umeme wa mfumo huu una nguvu kuliko ule wa pointi, na mshtuko wake ni wa hatari, zaidi kwa mtu mwenye maradhi ya moyo. Usipime cheche karibu na dumu la petroli wala karibu na mtu anayevuta sigara. Usioshe injini kwa maji ya msukumo ukielekeza kwenye distributa. Weka mchanga au kizimamoto karibu, na moto ukizuka piga simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba 114 bila malipo.

KWA MAFUNDI VIJANA

Vifaa vinavyohitajika kwa kazi hii ni vichache: multimita, taa ya kupimia, fila na taa ya taimingi. Vijana walio katika vikundi vilivyosajiliwa wakumbuke kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Gereji ndogo ni miongoni mwa shughuli zinazoweza kuombewa. Taratibu zinapatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Aidha, fundi aliyejifunza kazi mtaani bila kupita chuoni anaweza kupimwa na kutambuliwa ujuzi wake na VETA kupitia urasimishaji wa ujuzi, na hivyo kupata cheti.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Cheche huruka umeme unapoingia katika koili au unapokatwa?
2. Nyota ya distributa ya injini ya silinda 6 itakuwa na meno mangapi?
3. Waya mkuu wa koili una cheche nzuri lakini plagi zote hazina. Je, utanunua ignaita?
4. Gari lililoazimiwa betri limewaka. Mwenye betri anaitaka yake. Ufanye nini?
5. Pikapu haigongi mjini Sumbawanga lakini hugonga bondeni. Utaangalia nini kwanza?

Majibu: (1) Unapokatwa. (2) Meno 6. (3) La, koili na ignaita zinafanya kazi, angalia kifuniko na rota. (4) Zima injini kwanza, rudisha betri ya gari hilo, kisha liwashwe kwa kulisukuma au kwa nyaya za kuunganishia betri mbili. Betri ikiwa imekufa kabisa, itafutwe nyingine. (5) Taimingi, kwani huenda cheche imewahishwa kupita kipimo.

Ndugu mwananchi, tunakuomba ulikate somo hili na kulihifadhi garini pamoja na spana zako. Baba mdogo aliiuza pikapu yake miaka mingi iliyopita, lakini kile kifuniko chenye ufa bado kinaning'inia ukutani kwake. Akija mgeni mwenye gari la zamani, humshushia akishike na kukizungusha mwangani, mpaka mgeni mwenyewe auone ule unywele.